ThinkPad T420 imefungwa neno la siri la BIOS: nitoe betri, niguse chipu au nibadilishe bodi?

MwanaLangoni:
Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina ThinkPad T420, ile ya 2011, niliachiwa na ami yangu alipohamia Mombasa. Inawaka vizuri na inaingia Windows 7 bila kuuliza chochote. Shida ni nikibonya F1 niingie BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine na kushika mipangilio yake): inadai neno la siri. F12 nayo, ile ya kuchagua kuwasha kwa flashi, kimya, nadhani ami aliizima humo humo. Nataka kuweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) kwa flashi ili watoto wa chuoni waitumie. Ami nimempigia, akanipa maneno matatu, yote siyo. Nimesikia njia tatu: kutoa ile betri ndogo ya duara, kugusanisha miguu ya chipu, au kubadilisha madabodi (bodi kuu ya mashine) Mombasa. Ipi?

FundiMkomani:
Waaleikum salaam. Betri usiiguse, tafadhali sana. Kwenye kompyuta za mezani za zamani ilikuwa dawa, maana neno lilikaa kwenye kumbukumbu inayolishwa na hiyo CR2032 ya volti 3. Ukiitoa, inasahau. ThinkPad huweka neno la msimamizi kwenye chipu ya EEPROM, na hiyo haihitaji umeme ili ikumbuke. Utakachofuta ni saa na tarehe. Halafu ukiwasha inalalamika tarehe si sahihi, inakutaka uingie BIOS uirekebishe, na BIOS inataka neno la siri! Sasa hivi angalau Windows inafunguka. Lenovo wenyewe jibu lao ni moja: badilisha bodi.

BintiShela:
Kweli kila mashine na tabia yake. Mimi nilikuwa na MacBook ya 2009, nikatoa kipande kimoja cha RAM, nikawasha huku nimeshika Command, Option, P na R mpaka ikalia mara tatu. Ikafunguka. Nikajiona fundi. Rafiki yangu akaniletea yake ya 2012, wapi! Kuanzia zile za 2011 mlango huo ulizibwa, na Apple wanataka risiti ya kununulia ndipo waifungue.

Kasa_Malindi:
Na zile zinazotoa namba ukikosea mara tatu? Kuna Dell ya dukani hapa ilitoa namba, kijana akaiingiza kwenye mtandao akapata neno la kufungulia.

FundiMkomani:
@Kasa_Malindi hizo zipo, za Dell na nyinginezo za zamani. ThinkPad haikupi namba ya kukokotoa.

Kasa_Malindi:
Basi imebaki chipu. Nimefanya mara mbili. Unaifungua mashine yote, unagusanisha miguu miwili ya mawasiliano ya EEPROM kwa bisibisi papo hapo inapotaka kulisoma neno. Ukiwahi, bodi inaweza kufa. Ukichelewa, hakuna kitu. Ya kwanza ilikubali. Ya pili mkono uliteleza kidogo tu, na mpaka leo haijawaka tena, mwenyewe tukipishana njiani haniamkii. Na huku pwani ukikuta miguu imeota kijani cha chumvi, hujui hata umegusa wapi.

MzeeMokowe:
Ndugu, kabla ya bisibisi: fundi mwenye akili atakuuliza mashine ni ya nani. Mwambie ami akutumie ujumbe kwamba amekupa. Usije ukaonekana mwizi jetini na mzigo wa ami yako.

BintiShela:
Ngoja kwanza. MwanaLangoni, wewe unataka kuingia BIOS au unataka Linux? Ni vitu viwili. Mashine inawaka kutoka kwenye diski yake bila kuuliza. Basi fungua kifuniko cha diski, hakuna haja ya kuivua laptopu nzima. Itoe, itie kwenye laptopu nyingine, weka Linux huko, uirudishe. BIOS itaikuta diski mahali pake na kuendelea kama kawaida.

FundiMkomani:
Hapo umenishinda, dada. Niongeze mawili. Kwanza, hakikisha diski yenyewe haina neno lake la siri, maana hilo huandikwa ndani ya diski na litakufuata kokote. Pili, angalia Windows iliyopo iliwekwa kwa mtindo upi wa kuwasha mashine, wa zamani au ule mpya uitwao UEFI, na Linux uiweke kwa mtindo huo huo. Huwezi kuingia BIOS kubadilisha, kumbuka.

Kasa_Malindi:
Na nakili picha za ami kwanza. Nasema tu.

MwanaLangoni:
Nimerudi. Ilikuwa mtindo wa zamani. Nimeazima laptopu ya jirani, kazi imechukua kama saa moja na nusu, nusu saa ikiwa ya kutafuta bisibisi ndogo. Linux imewaka mara ya kwanza, watoto wameshaanza kugombania zamu. Madabodi ya Mombasa nimeghairi.

Jana saa tano usiku ami kapiga, anasema amekumbuka: ni namba ya usajili ya mashua yake ya kwanza. Ila namba yenyewe ameisahau.