Rap na mauaji: tunamlaumu mwimbaji kwa sababu muuaji hajakamatwa?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kijana akichomwa kisu London au akipigwa risasi Chicago, haipiti wiki utamsikia mkubwa fulani mbele ya kamera akiutaja muziki. Mwaka 2018 alikuwa Cressida Dick, mkuu wa polisi wa London wakati huo. Polisi wake waliiomba YouTube iondoe video za drill (kwa asiyejua, ni ile rap nzito iliyoanzia Chicago mwanzoni mwa miaka ya 2010), na zaidi ya 30 zikaondolewa. Februari 2022 ikawa zamu ya Eric Adams, meya wa New York wakati huo, akataka drill itoke kwenye mitandao ya kijamii. Video zenyewe alionyeshwa na mwanawe, ambaye yumo humo humo kwenye biashara ya muziki. Naomba tulijadili bila matusi: rap inasababisha mauaji, au inabebeshwa mzigo usio wake?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Rap kama muziki haiui mtu, na nategemea tarehe tu. Mwaka 1990 New York waliuawa watu zaidi ya 2,200. Mwaka 2017 hawakufika 300. Katikati hapo rap ilizidi kuenea hadi, mwaka huo huo wa 2017, hip hop na R&B kwa pamoja zikaipiku rock na kushika namba moja Marekani nzima. Kitu kinazidi kunywewa na ugonjwa unazidi kupungua, halafu bado tukiite sumu?

Na nani alitangulia? Crack, ile kokeini ya kuvuta ya bei rahisi, iliingia mijini Marekani katikati ya miaka ya 1980, biashara ikataka bunduki, bunduki zikaua. N.W.A, kundi la rap la Compton, California, walipotoa albamu yao ya kwanza kubwa mwaka 1988, damu ilikuwa tayari inamwagika mjini kwao. Mwaka uliofuata ofisa wa FBI akaiandikia barua kampuni yao ya kurekodi kulalamikia wimbo. Barua! Kwa mahali ambapo watu walikuwa wanauana kila wiki.

Baba wa wawili:
Mkuu, hizo hesabu za jiji zima hazinisaidii. Mtoto wangu hasikilizi takwimu, anasikiliza mtu. Na siku hizi mtu huyo haimbi habari za uhalifu kwa ujumla, anataja marehemu kwa jina na kumcheka.

Chukua habari ya FBG Duck, mwimbaji wa drill wa Chicago. Julai 2020 alitoa wimbo unaowadhihaki marehemu wa kundi hasimu, mmoja mmoja. Tarehe 4 Agosti, mchana kweupe, akiwa nje ya duka la nguo za bei mbaya kwenye mtaa wa kitajiri, watu waliofunika nyuso wakashuka kwenye magari mawili na kummiminia risasi. Kabla yake, Septemba 2012, Lil JoJo, miaka 18, aliuawa akiwa kwenye baiskeli. Naye alikuwa kwenye vita ya nyimbo na kundi la Chief Keef, nyota wa drill wa Chicago. Mniambie muziki hapo haumo.

Mpita njia:
Umo kama kipaza sauti cha msikitini kilivyomo kwenye ugomvi wa waumini. Kinasikika tu kuliko wengine.

Baba wa wawili:
Acha mzaha, ndugu. Watu wamekufa.

Mtu wa takwimu:
Mleta mada, niko upande wako lakini usijiamini kupita kiasi. Hesabu zako zinavunja hoja ya "rap ikipanda, mauaji yanapanda". Hazithibitishi kwamba rap haina athari kabisa. Huenda uhalifu ungeshuka zaidi, hatujui. Na mtu akitaka kukubana atakuletea 2020, mauaji Marekani yalipoongezeka kwa karibu asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja, ongezeko ambalo halijawahi kuonekana tangu nchi ile ianze kuweka kumbukumbu hizo kitaifa.

Ila jibu lake ni jepesi. Rap ya 2019 na ya 2020 ni ile ile. Kilichobadilika ni korona, shule kufungwa, watu kununua bunduki kwa fujo na imani kwa polisi kuporomoka baada ya kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi.

Kuhusu maabara: mwaka 2003 Craig Anderson na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wa chuo wakisikiliza nyimbo zenye maneno ya ukatili, fikra za ukali na hisia za uhasama zinapanda. Hilo ni kweli, tusilifiche. Lakini jaribio la kwanza lilitumia rock, na walichopima ni mawazo ya muda ule ule, dakika chache baada ya wimbo. Kutoka hapo hadi kwenye kushika bunduki ni safari ndefu, na hakuna aliyeipima.

Mpita njia:
Kwa faida ya wengi: ule wimbo wa Ice-T wa mwaka 1992 kuhusu kuua polisi, uliowatoa povu wanasiasa hadi ukaondolewa kwenye albamu, ulikuwa wa bendi yake ya metal, Body Count. Magitaa mwanzo mwisho. Ila aliyeuimba ni mweusi aliyejulikana kwa rap, basi ukaitwa rap hadi leo.

Wakili:
Mpita njia kagusa penyewe, na jambo hilo limefanyiwa utafiti. Miaka ya 1990 Carrie Fried alichukua mashairi ya wimbo wa kundi la Kingston Trio, weupe watupu, uliotoka 1960, ambamo mtu anamuua askari. Akawapa watu wasome karatasi yenye maneno yale yale. Wengine akawaambia ni rap, wengine country, ile miziki ya mashambani ya Wamarekani weupe. Walioambiwa ni rap waliyaona maneno hayo ya hatari zaidi na wakataka yadhibitiwe. Mwaka 2016 watafiti wengine walirudia, wakapata picha ile ile. Maneno hayakubadilika hata herufi.

Sasa peleka upofu huo mahakamani. New Jersey, kesi ya Vonte Skinner: mwendesha mashtaka aliwasomea wazee wa baraza kurasa 13 za mashairi yake ya rap, mengi aliyaandika miaka kabla ya tukio na hayakutaja mhusika wala mahali. Akapatikana na hatia ya kujaribu kuua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamuru kesi ianze upya bila mashairi hayo, kwa sababu hakuna anayedhani mwandishi wa hadithi za mauaji amewaua wahusika wake. California ikapitisha sheria mwaka 2022 ya kuwabana waendesha mashtaka kwenye jambo hilo. Georgia haikuwa na kizuizi cha namna hiyo, na kwenye kesi ya mwimbaji wa rap Young Thug, jaji aliruhusu mistari kadhaa ya nyimbo isomwe. Kesi ikawa ndefu kuliko zote katika historia ya jimbo, na kwake ikaisha Oktoba 2024 kwa kukiri baadhi ya makosa na kwenda nyumbani chini ya uangalizi.

Na upande wa pili nao ulishajaribu mchezo huo. Mwaka 1992 Ronald Howard alimuua askari wa barabarani Texas, kanda ya Tupac ikiwa kwenye gari. Mawakili wake wakajitetea kwamba muziki ndio uliompandisha, wakiomba asihukumiwe kifo. Dan Quayle, makamu wa rais, akaidaka hoja hiyo na kusema albamu ile haina nafasi katika jamii. Wazee wa baraza wakasikiliza, wakampa adhabu ya kifo vilevile. Aliuawa 2005. Angalia ajabu hiyo: muziki ukimtetea mshtakiwa hauna nguvu, ukimshtaki una nguvu tele.

Baba wa wawili:
Wakili, umeeleza vizuri, lakini umenikwepa. Sikuuliza kuhusu mashairi ya kubuni. Nimeuliza kuhusu mtu anayetaja marehemu halisi, ndugu zake wapo hai wanasikiliza. Hiyo nayo ni hadithi?

Mleta mada:
Hapana, mzee wangu, hiyo si hadithi, na hapo nakupa haki yako. Kumtukana marehemu wa watu hadharani ni uchokozi, uwe na mdundo au usiwe nao.

Lakini hebu turudi kwenye mfano wako. Mtaa wa waliomuua FBG Duck unaitwa O Block kwa kumbukumbu ya kijana wao aliyeuawa mwaka 2011. Ina maana visasi vilikuwa na umri wa miaka tisa wimbo ulipotoka. Na Lil JoJo siku ile aliandika mtandaoni mahali alipo, na huenda ndivyo wauaji walivyomfikia. Wimbo ulichochea, sikatai. Kuni ziliwekwa na nani?

Jibu langu nililokuja nalo ni hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 polisi wa Marekani walitatua zaidi ya mauaji tisa kati ya kumi. Mwaka 2022 ilikuwa karibu nusu tu, na mitaa maskini ya watu weusi hali ilikuwa mbaya kuliko wastani huo. Sasa wewe ni kijana wa miaka 17, kaka yako kauawa, mtaa mzima unamjua aliyefanya, na hakuna aliyekamatwa. Yeye anapita, tena anaimba. Ndipo wimbo unapopata nguvu ya kuua: penye muuaji ambaye serikali imeshindwa kumgusa. Nyimbo hizo hizo zinasikilizwa Seoul na Paris na watoto wanamaliza kazi za shule. Mkuu wa polisi akisimama kulaumu drill, mimi namsikia akieleza kwa nini mafaili yake hayajafungwa.

Mtu wa takwimu:
Hapo kwenye mkuu wa polisi umetia chumvi, lakini kiungo cha kesi zisizotatuliwa na visasi kina mantiki.

Baba wa wawili:
Sawa. Basi niambieni, ile video ya kudhihaki marehemu iachwe ikae? Kampuni inapata pesa kila inapotazamwa, na kadiri ugomvi unavyonoga ndivyo inavyosukumwa kwa watoto. Mbona hao hamwataji?

Wakili:
Hao watajwe, tena kwa herufi kubwa, kuliko hata mwimbaji. Video yenye kitisho kwa mtu anayejulikana iondolewe, sheria za vitisho zipo siku nyingi na hazihitaji neno rap. Ninachokataa ni polisi kupewa mkasi. London, Januari 2019, Skengdo na AM, waimbaji wawili wa drill, walihukumiwa miezi tisa jela, iliyoahirishwa, kwa sababu ya kuimba wimbo wao jukwaani kinyume cha amri ya mahakama. Hawakumgusa mtu yeyote.

Baba wa wawili:
Mahakama inachukua miezi. Hao wa kisasi wanalipiza usiku ule ule.

Wakili:
Kweli, ndiyo maana kuna walioona wasisubiri mahakama. Chicago mwaka 2000 daktari wa magonjwa ya kuambukiza, Gary Slutkin, alianzisha CeaseFire, mradi wa kuzuia visasi. Wanaajiri watu waliotoka kwenye magenge, wenye heshima mtaani. Wakisikia mtu katukanwa kwenye wimbo au kijana kapigwa, wanakwenda nyumbani kwake kabla hajatoka. Wanakaa naye, wanampigia mama yake, wanazungumza na upande wa pili.

Baba wa wawili:
Hao nawakubali. Wanalipwa na nani?

Wakili:
Kwa sehemu kubwa walilipwa na jimbo la Illinois, hadi fedha hizo zilipokatwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata Chicago ilizika zaidi ya watu 750, zaidi ya kiwango chochote cha miaka mingi kabla yake. Sisemi moja lilizaa jingine, maana nitakuwa nafanya kosa lile lile la wanaolaumu rap. Ila mkitaka kulijadili hilo la bajeti, mimi nipo.