Mjadala: Kula mara sita kwa siku kunapunguza njaa, au kunaifundisha kuja?

Mizani: Wakuu, ushauri ni uleule kila kona: gawa chakula mara sita mwili "uchome" zaidi. Hesabu haikubali. Kumeng'enya chakula kunatumia takriban asilimia 10 ya nishati yake. Ukila kilokalori 2,000 kwa milo mitatu, kumeng'enya kunachoma kama 67 kila mlo. Kwa milo sita ni 33. Jumlisha, 200 huku na 200 kule. Nauliza la njaa: mara sita inaipunguza au inaiongeza?

Kijiko: Unahesabu moto, sisi tunazungumzia tumbo. Anayekula mara tatu anafika mezani kama katoka kifungoni, anafukia. Na akikaa saa saba bila kitu, asidi inachimba ukuta, hivyo vidonda vya tumbo hivyo.

Zamu ya Usiku: Hapo kwenye vidonda unapotosha watu. Vingi vinaletwa na bakteria Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Madaktari Marshall na Warren kule Australia walipewa Nobeli mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo. Mlo uliochelewa hauchimbi kidonda.

Kijiko: Kwa hiyo wanaojikunja kwa maumivu wakichelewa kula wanaigiza? Wakila yanatulia. Lieleze hilo kabla hujatuletea Nobeli.

Zamu ya Usiku: Sijasema wanaigiza, usinilishe maneno. Kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mdogo, kinakuwa kipo tayari. Chakula kinaizima asidi kwa muda, saa mbili tatu baadaye maumivu yanarudi, mtu anakula tena, na bakteria anaendelea kuishi. Huyo ni wa kupimwa, pumzi au kinyesi. Awe ameacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, wiki mbili na antibiotiki wiki nne, la sivyo kipimo kinasema hana wakati anaye.

Bi Subira: Glasi ya maziwa je? Maana ndiyo dawa ya kwanza watu wanayoelekezana.

Zamu ya Usiku: Inatuliza kidogo, kisha kalsiamu na protini zake zinachochea asidi nyingine. Dada, usimpe mgonjwa kama tiba.

Mizani: Jamani, niliuliza njaa! Homoni ya njaa, ghrelini, hupanda kuelekea saa ulizoizoesha kula. Ukiizoesha mara sita, itabisha hodi mara sita. Wapo waliofungiwa kwenye chumba cha kupimia nishati, Colorado, matokeo yakatoka 2013: watu 15, chakula kiasi kilekile, mara tatu kisha mara sita. Mafuta yaliyochomwa kwa saa 24 hayakutofautiana. Njaa ndiyo iliyozidi, kwenye mara sita.

Kijiko: Watu 15! Hata daladala haijai. Kuna jaribio la 1989, waliokula milo midogo 17 kwa siku kolesteroli mbaya ilishuka asilimia 13 na kitu.

Mizani: Hao walikuwa wanaume saba, wiki mbili. Kama 15 ni wachache, saba ni wangapi?

Bi Subira: Mkishamaliza kuhesabiana vichwa, mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asiruke mlo kwa sababu ya mjadala huu. Dawa inaendelea kushusha sukari hata kama sahani haikuja. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, gramu 15 za sukari ya haraka, apime tena baada ya dakika 15. Ratiba ya milo ibadilishwe pamoja na dozi, na anayemtibu.

Kijiko: Sawa, hilo nakubali. Zamu, turudi kwenye vidonda: mwenye aspirini ya moyo ya kila siku naye aiache?

Zamu ya Usiku: Asiiache kamwe kwa uamuzi wake. Amwulize aliyemwandikia kuhusu dawa ya kulinda tumbo, na apimwe huyo bakteria. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali saa hiyohiyo, asingoje asubuhi.