Mvua za Machi zimefika, shamba la ndizi lina mnyauko: naomba ushauri

Shikamooni wazee, na ndugu zangu wakulima habari za kazi. Niko upande wa Masindi, Uganda. Mvua zimeanza na Jumamosi watoto wote watakuwa nyumbani, kwa hiyo kazi za boma tunataka tuzimalize siku hiyo: kupanda mahindi na maharage, kuzibua mifereji, kurudishia udongo kwenye zizi la mbuzi.

Hayo nayaweza. Kinachoninyima usingizi ni migomba ya matoke. Michache imeanza kugeuka njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Ni mnyauko, ule ulioripotiwa Mukono mwaka 2001 ukasambaa nchi nzima.

Bwana shamba anasema nikate shina linaloumwa tu, chini kabisa usawa wa udongo, panga nilipitishe motoni kabla ya kugusa jingine, na yale maua yanayoning'inia chini ya mkungu niyavunje kwa kijiti chenye panda, maana nyuki na wadudu hubeba ugonjwa humo. Baba mkwe anataka tung'oe shina zima na machipukizi yake. Shamba ni lake, alilipanda kwa mikono yake, na sitaki kumvunjia heshima.

Waliopitia hili, kukata shina moja moja kuliwaponyea shamba? Na maharage naweza kuyapanda katikati ya migomba hiyo msimu huu, au jembe litasambaza ugonjwa?