Naomba ushauri: nitawaelezaje akina mama tofauti ya virusi na bakteria?

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kayole, Nairobi, na kuna jambo linaninyima usingizi. Mtoto akianza tu kutokwa na kamasi, mama hukimbilia duka la dawa kununua amoksisilini, tena dozi nusu, na mtoto akichangamka anaiacha. Mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo haiviwezi kabisa. Inachofanya ni kuua bakteria dhaifu. Walio sugu wanabaki na kuzaana, kisha siku mtoto anapopata nimonia ya bakteria, dawa haifui dafu.

Kipindupindu na homa ya matumbo wanaelewa upesi, maana maji ya mitungi tunayajua sote: yachemshe, bakteria wanakufa. Choa cha kichwani ni kuvu, hakuna ubishi. Malaria huwashangaza kidogo nikisema kijidudu chake, plasmodiamu, ni protozoa anayeletwa na mbu. Kizungumkuti ni virusi. Nikimwambia mama ampe mtoto vinywaji na apumzike, anaona nimemnyima dawa.

Wauguzi, walimu na watu wa maabara mliomo humu, mnalielezaje hili bila kumvunja mama moyo? Halafu, zaidi ya kupumua haraka, kifua kubonyea ndani na kushindwa kunyonya, ni dalili gani nyingine nisisitize ili mtoto mgonjwa sana apelekwe kituoni mara moja? Nina kikao nao Jumamosi.