Jibu: Nichukue pasi ya Kijerumani?

Wapendwa, habari za huko mliko. Nimetimiza miaka sita hapa Leipzig, kazi ya uuguzi ninayo, cheti cha lugha ya Kijerumani cha B1 ninacho. Kazini wananihimiza niombe uraia, wanasema siku hizi pasi mbili zinaruhusiwa. Baba huko nyumbani hataki hata kusikia. Waliokwisha kupita njia hii, nisaidieni.

---

Mdogo wangu wa Leipzig, umeambiwa nusu ya habari. Ni kweli, tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haidai tena uukane uraia wa kwenu, na miaka ya kukaa imeshuka kutoka minane hadi mitano. Lakini sheria ya Tanzania ya 1995 iko palepale: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwetu anaupoteza. Wakenya walilimaliza hili kwenye katiba yao ya 2010, kwa hiyo ushauri wa rafiki Mkenya hautakufaa hapa.

Ada ni euro 255. Mtihani wa uraia una maswali 33, ukipata 17 umefaulu. Hayo mepesi.

Zito ni ardhi. Nilipoomba mimi, asiye raia hakuweza kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Bibi aliniachia minazi Pangani, si mingi, na kisima alichochimba babu kwa mikono yake. Nilimhamishia mdogo wangu kabla ya kupeleka maombi, nikalia kama msibani. Siku hizi inatajwa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Uliza masharti yake ubalozini kabla hujasaini chochote. Na baba umsikilize, huenda anachoogopa ni hilo la shamba.

Pangani hiyohiyo ndiko Wadachi, yaani Wajerumani, walikomnyonga Bushiri bin Salim, kiongozi wa watu wa pwani waliopigana nao, Desemba 1889. Aliyeongoza jeshi la Wadachi katika vita vile, Wissmann, alikuwa na barabara yake hapa Neukölln, Berlin, si mbali na Hermannplatz, mpaka mwaka 2021 ilipopewa jina la mwanasiasa wetu Lucy Lameck wa Moshi. Binti yangu alikisoma kibao herufi moja moja, akauliza, "Mama, huyu ni wa kwetu?" Nilijibu ndiyo, nikajisikia vizuri siku nzima.

Jioni huwa namsomea utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita hivyo, beti tano sita, tukikwama kwenye Kiswahili cha kale tunauliza Tanga kwa simu. Usiku mmoja akanikatiza: "Wadachi ni sisi?" Yeye amezaliwa hapa, pasi zote mbili anazo mpaka afike miaka 18, ndipo achague. Nikamwambia babu zake walikuwa upande wa Bushiri. Akasema, "Na mimi?" Mpaka leo sijapata jibu ninaloweza kumpa bila kusitasita.

Kwa nini basi nilichukua? Kura. Sisi tulio nje hatupigi kura ya Tanzania, na bila uraia wa hapa hupigi ya bunge la hapa. Tangu 2010 nilikuwa mtu wa kulipa kodi na kunyamaza. Tarehe 23 Februari 2025 niliingia ukumbi wa shule ya binti yangu, kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi, nikaweka alama mbili, moja ya mtu, moja ya chama. Vidole vilinitetemeka.

Sikwambii uchukue. Nakwambia ujue unachokiacha, kwa jina na kwa mipaka yake.

---

Ahsante sana dada, Mungu akuzidishie. Jana nimempigia baba, tumeongea saa nzima. Kumbe shamba la Kibosho bado lina jina la marehemu babu, na baba alikuwa akisubiri nirudi ndipo aligawe. Desemba nakwenda. Nikuulize tena: ulipomhamishia mdogo wako mliandikishana mbele ya serikali ya kijiji, au mlipitia kwa wakili?