Tuliambiwa "Excel ni Excel": leseni mpya imetuulia fomula, na aliyetuuzia anatulaumu sisi

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na tangu mwanzoni mwa Februari nimekuwa nikikesha nikirekebisha mafaili ambayo hayakuwa na kosa lolote hadi siku tulipobadilishiwa leseni ya Excel. Aliyetuuzia leseni hiyo simtaji jina, kwa kuwa suala bado liko mezani kwa bodi yetu, lakini maneno yake nitayarudia kama alivyoyatamka ofisini kwetu mbele ya mwenyekiti: "Excel ni Excel, tofauti ni namna ya kulipa tu."

Si kweli, na yeye ambaye hiyo ndiyo biashara yake alipaswa kujua kwamba si kweli.

Kwa miaka mitatu tulitumia Microsoft 365, ile inayolipiwa kila mwaka. Bodi iliona gharama inazidi kupanda, naye akaja na pendekezo la leseni ya kulipia mara moja na kutumia daima. Hesabu yake kwenye karatasi ilipendeza. Hakuna aliyeniuliza mafaili ya chama yanatumia fomula zipi, nami, kwa uzembe ambao bado ninaujutia, sikuuliza leseni hiyo ni ya toleo la mwaka gani.

Siku ya kwanza kila kitu kilifunguka na tarakimu zote zilikuwa mahali pake, na hapo ndipo mtego ulipo. Ndani ya faili, Excel huhifadhi fomula pamoja na jibu lake la mwisho. Toleo lisiloijua fomula hiyo likifungua faili, huonyesha jibu lile la zamani bila kulalamika, na halikwami mpaka mtu abadilishe tarakimu ambayo fomula inaitegemea. Tulipoanza kuingiza marejesho ya mwezi ndipo seli moja baada ya nyingine zilipoanza kuandika #NAME?, yaani Excel haiijui fomula hiyo, na nilipobofya mojawapo nikakuta mbele ya XLOOKUP, fomula ya kutafuta taarifa kwenye jedwali, pamebandikwa herufi ambazo sikuziandika mimi, yaani _xlfn. Mkiziona herufi hizo, jueni kwamba faili limeandikwa na Excel mpya kuliko hiyo mnayoitumia. Halijaharibika.

Hata hivyo #NAME? ni afadhali, maana inaonekana. Katika daftari la mikopo nilikuwa nimezifunika fomula zangu kwa IFERROR, ili mwanachama asiye na mkopo aonyeshwe sifuri badala ya kosa. IFERROR haichagui kosa la kumeza. XLOOKUP ilipogeuka kuwa jina lisilojulikana, IFERROR iliimeza #NAME? kimyakimya na kuandika sifuri, kwa hiyo kila mwanachama ambaye rejesho lake liliingizwa baada ya mabadiliko alionekana hadaiwi chochote. Mwalimu mmoja alikuja kuomba mkopo wa ada, ofisa mikopo akafungua faili, akaona salio la deni ni sifuri, akaanza kumjazia fomu. Ni mwalimu mwenyewe aliyeuliza: "Mhasibu, mbona mimi bado nadaiwa? Ule wa mabati sijaumaliza."

Ninamshukuru sana mwalimu yule. Nimekiri mbele ya bodi kwamba IFERROR niliiweka mimi, na kwamba ningepaswa kutumia nafasi iliyomo ndani ya XLOOKUP yenyewe kwa ajili ya jina lisilopatikana, ambayo isingelificha kosa la aina hii. Lakini kosa langu lilikuwa limelala miaka mitatu bila kumdhuru mtu. Aliyeliamsha ni muuzaji aliyetuhakikishia kwamba hakuna kitakachobadilika.

Sasa sikilizeni majibu yake. Kwanza alisema tuondoe programu na kuisakinisha upya, nasi tukafanya hivyo mara mbili kwenye kompyuta zote sita, kwa bando letu wenyewe. Kisha akasema mafaili yetu yana virusi. Kisha, bila haya, akasema fomula zetu "si za kawaida". Mwisho akatushauri tununue Microsoft 365, ile ile aliyotushawishi kuiacha, na kwamba angetupatia kwa bei nzuri!

Kijana wetu wa kompyuta naye alizungushwa kwa muda, na simlaumu, kwa sababu baadhi ya fomula mpya zilikuwa zinafanya kazi. IFS na TEXTJOIN zilijibu vizuri, naye akahitimisha kwamba programu ni nzima na tatizo liko kwenye faili. Ukweli ni kwamba hizo mbili zimo katika toleo la 2019. XLOOKUP, FILTER, UNIQUE, SORT na LET ziliingia kwenye leseni za kulipia mara moja kuanzia toleo la 2021, ilhali LAMBDA, VSTACK na TEXTSPLIT zilisubiri toleo la 2024. Leseni ya kulipia mara moja haiongezewi fomula baadaye. Unabaki na zile za mwaka wako, hata ukisakinisha mara mia.

Tungeokoa wiki nzima kama tungeanza na jambo moja dogo: kufungua File, kisha Account, na kusoma jina la bidhaa lililoandikwa pale. Yetu inasomeka Office Professional Plus 2019. Jina hilo liliniongezea hasira mara mbili. Masasisho ya usalama ya Office 2019 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, nasi tumeuziwa Januari 2026, kwa hiyo hicho kinachoitwa "cha kudumu" kilikuwa kimekwisha kuachwa na watengenezaji wake kabla hatujakilipia. Tena Professional Plus 2019 iliuzwa kwa taasisi kwa mikataba ya leseni za jumla, si kwa funguo za mojamoja. Sisi tulitumiwa funguo sita kwa WhatsApp. Nimemwomba atuonyeshe mkataba unaompa haki ya kutuuzia. Hadi leo amekaa kimya.

Kompyuta mbili tulizirudisha kwenye akaunti ya zamani ya Microsoft 365 tukidhani tumejiokoa. Usajili ulipokoma kabisa zikaandika Unlicensed Product juu ya dirisha, na sasa faili unalisoma na kulichapisha tu, kuhariri hakuna. Kule kujihifadhi kwa mafaili tuliyoyaweka OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nako kumekwenda na usajili, jambo tulilolijua siku umeme ulipokatika katikati ya orodha ya makato.

Kwa aliye katika shimo hili, haya ndiyo ninayoyafanya. Ninafungua kila faili, ninabonyeza Ctrl na F, ninatafuta _xlfn katika fomula za kitabu chote, na kila inapopatikana ninaandika upya. XLOOKUP ya kawaida inageuzwa kuwa INDEX na MATCH, fomula za zamani za kutafuta, bila shida. Ile inayotafuta kutoka chini kwenda juu, ambayo mimi huitumia kupata rejesho la mwisho la mwanachama, imenisumbua zaidi, kwa kuwa MATCH ya kawaida huishia kwenye rejesho la kwanza; hapo nimerudi kwenye mbinu ya wazee wa kazi, LOOKUP(2,1/(safu=namba),marejesho), ambayo haipendezi kuitazama lakini inatoa jibu sahihi. Mahali pa FILTER na UNIQUE nimeweka jedwali egemeo (PivotTable). IFERROR zote nimeziondoa kwanza, ili kosa lionekane kabla sijalifunika tena.

Kuna walionishauri nitumie Excel ya kwenye kivinjari, ambayo ni ya bure na inazifahamu fomula hizi. Ni kweli inazifahamu, lakini sitapeleka madeni ya wanachama kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu ya uzembe wa muuzaji. LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, kuanzia toleo la 24.8 nayo inazo XLOOKUP, FILTER, UNIQUE, SORT na LET. Nimeijaribu kwa nakala ya daftari la hisa na imesoma vizuri, ingawa makro zetu, yaani amri tulizoziandika zijiendeshe zenyewe, bado sijazigusa.

Tumemwandikia barua na kumpa siku kumi na nne arudishe fedha, au atupatie leseni halali ya toleo la 2024 bila nyongeza. Jibu lake la mdomo ni kwamba risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) imeandika "Microsoft Office" tu, bila mwaka, na kwamba Microsoft Office tumeipata. Nina risiti hiyo, nina picha za ujumbe aliotutumia funguo, nina picha ya ukurasa wa Account wa kila kompyuta kabla na baada ya mabadiliko, na nina muhtasari wa kikao ambamo maneno yake kwamba tofauti ni namna ya kulipa tu yameandikwa na katibu.

Ninachowauliza ni hiki: aliyewahi kudai fedha zake katika suala la leseni kama hili, je, muhtasari wa kikao ulikubalika kuwa ushahidi wa alichoahidi muuzaji, na je, mlianzia Tume ya Ushindani au mlikwenda moja kwa moja kwa wakili? Siku kumi na nne zinaisha Ijumaa.