Andalio la somo: ni sehemu zipi zinazobeba uzito?

Mwanagenzi, Kisumu
Habari za jioni, walimu wenzangu. Niko katika wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, Gredi ya 4. Andalio langu huwa na kila kipengele: mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, swali dadisi, nyenzo, umilisi wa kimsingi (uwezo mkuu ambao mtaala unataka mwanafunzi aukuze), maadili, hatua za somo na tathmini. Hata hivyo, mkufunzi aliyenitathmini Jumanne alisema kuwa karatasi imejaa ilhali somo halimo. Nilikuwa nikifundisha ngeli ya KI-VI, na tokeo nililoandika ni "mwanafunzi aweze kuelewa ngeli ya KI-VI". Nilikosea wapi?

Mwalimu wa darasa, Kakamega
Pole, mwenzangu, ingawa mkufunzi hakukuonea. Kosa limo katika kitenzi "kuelewa", kwa kuwa kuelewa hakuonekani kwa macho wala hakupimiki katika kipindi cha dakika 35. Ungeandika kwamba kufikia mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutambua nomino za ngeli hiyo na kuzitumia katika sentensi kwa upatanisho ufaao, sehemu nyingine zingejipanga zenyewe: kutambua kungekudai uingie darasani na kikapu, kijiko na kiatu badala ya chati, kutumia kungekudai uwape nafasi ya kuzungumza wawili wawili, na tathmini ingekuwa kila mmoja atunge sentensi kama "Kikapu kimejaa", kisha aigeuze katika wingi. Mimi huandika tokeo, naruka hadi tathmini, ndipo narudi kujaza hatua za katikati. Kuhusu umilisi, usiorodheshe yote saba. Chagua mmoja au miwili ambayo shughuli zako zinaikuza kweli.

Mwalimu, Nakuru
Nakubaliana na mwalimu wa Kakamega, ila darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sitini, na kumsikiliza kila mmoja akitunga sentensi ni ndoto. Waandike daftarini, nawe upite ukisoma za safu mbili au tatu, na dakika hizo uzitenge tangu mwanzo, maana utangulizi wenye wimbo mtamu una tabia ya kula muda wa tathmini. Jambo ambalo fomu ya andalio haikuulizi ni makosa unayoyatarajia. Lazima mtoto atataja "kiongozi" au "kijana", naye atakuwa na sababu, kwa kuwa wingi wake ni "viongozi" na "vijana"; usipokuwa umeandika mapema utakavyomwonyesha kwamba tunasema "kiongozi amefika" wala si "kiongozi kimefika", utababaika mbele yao.

Mwanagenzi, Kisumu
Ahsanteni sana. Huyo wa "kijana" alitokea Jumanne hiyo hiyo, nami nikamwambia tutalijadili siku nyingine. Nimeliandika andalio upya, na jibu lake nimeliweka katika hatua ya pili. Kesho nitaingia darasani na kikapu cha mama mwenye nyumba.